Alama Tisa za Zacharie

Muda wote daftari lile lilipokuwa likizunguka mtoni, Kadidja hakuwahi kumpa Zacharie zaidi ya alama tano juu ya kumi. Mara nyingi ilikuwa nne. Siku moja alimpa tatu na nusu, na ile nusu, alisema, ni ya mwandiko.

Si kwamba alimchukia. Zacharie alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila alipokosa namna ya kumaliza ukurasa, alinyesha mvua. Watu wanagombana, mvua inanyesha. Watu wanapatana, mvua inanyesha. Mbuzi anaingia darasani, na kabla hajafanya lolote la maana, pwaa, mvua. Kadidja aliandika pembeni kwa wino mwekundu, «Mvua tena!», akapiga mistari miwili chini ya nne yake, akacheka peke yake mpaka baba yake akauliza kama ana homa.

Walikutana kwenye likizo kubwa ya mwaka 1963, Kisangani, ambayo kwenye bahasha za barua bado iliitwa Stanleyville. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu, umri wa kukimbia ovyo ndani ya nyumba na kuvunja vyombo. Mtawa mmoja wa misheni, Frère Hubert, aliwakusanya walimu wa shule za msingi wiki sita awafundishe kuandika. Si kuandika barua ya kuomba chaki, hiyo waliijua vizuri sana. Kuandika hadithi za kusomea watoto, kwa sababu vitabu walivyokuwa navyo vilizungumza juu ya theluji, na hakuna mtoto wa mtaa wa Kabondo aliyekuwa na haja na theluji.

Wanne walikaa benchi la nyuma, pale watu wanapokaa wakitaka kucheka. Kadidja mwenyewe, binti wa Papa Waziri, fundi cherehani wa Kabondo, mwanamke wa miaka thelathini mwenye ulimi usiopumzika. Sébastien wa Yanonge, mnene na mpole, aliyesinzia kila baada ya chakula cha mchana. Zacharie wa Isangi, mtoto wa wavuvi, mrefu mpaka magoti yake yaligonga meza. Na Émilie wa Opala, msichana wa sauti ndogo na macho makubwa. Kabla wiki ya pili haijaisha, macho hayo yalikuwa yameshahamia kwa Zacharie na hayakuwa na mpango wa kurudi.

Kadidja alikuwa na kipaji ambacho hakikuwa kwenye programu. Aliweza kuiga mwandiko wa mtu yeyote. Alimwandikia Sébastien kibali cha kulala saa nane mchana, chenye sahihi ya Frère Hubert chini. Frère Hubert alikisoma, akakigeuza, akakuna kichwa, akamwacha Sébastien alale.

Siku ya kuagana walinunua daftari nene lenye jalada jeusi, kaye kama walivyoliita, na kuweka sheria. Hadithi ni moja, ya mbuzi aliyekula rejista ya shule, basi kwa kuwa majina yote yalikuwa tumboni mwake ikabidi afanywe mkurugenzi. Kila mmoja anaandika ukurasa wake na kupeleka kaye mbele. Isilale kwa mtu zaidi ya wiki moja. Na kwa kuwa walimu hawawezi kuona karatasi iliyoandikwa bila kuwashwa mikono, anayepokea anasahihisha ukurasa uliotangulia kwa wino mwekundu na kutoa alama juu ya kumi.

Basi kaye ikashika njia. Toka kwa Kadidja ilishuka mto mpaka Yanonge kwa Sébastien. Toka Yanonge ilipita Isangi bila kusimama, ikapanda mto Lomami mpaka Opala kwa Émilie. Ikarudi Isangi kwa Zacharie, ikapanda tena Kisangani. Ilisafiri ndani ya vikapu vya wauza samaki, chini ya viti vya pirogi, mitumbwi ya mto ule, mara moja juu ya kichwa cha padri. Zacharie ndiye aliyesahihisha kurasa za Émilie, na kila mara alitoa kumi, hata mara ile Émilie alipomsahau mbuzi kabisa na kuandika ukurasa mzima juu ya shingo ndefu za ndege wa mtoni. Sébastien aliandika pembeni, «Huyu korongo namujua, anafundisha Isangi.»

Ndoa ya Zacharie na Émilie ilipangwa likizo kubwa ya 1964. Papa Waziri alipewa kitambaa cheupe na vipimo, akakata gauni, akalishikiza kwa uzi mrefu, akalitundika ukutani kwenye msumari lisubiri bibi harusi aje kujaribu.

Bibi harusi hakuja. Mwezi wa nane waasi waliingia mjini na majani mabichi vichwani, na kujua kusoma kukawa kosa. Walimu waliitwa majina kutoka kwenye karatasi, wakaenda, wengi hawakurudi. Kadidja alitumbukiza kalamu yake nyekundu ndani ya kopo la chumvi, akafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, akakaa barabarani kuuza makemba, ndizi za kupika, kama mtu ambaye hajawahi kuona herufi. Alipoulizwa bei alihesabu kwa vidole, tena akakosea kusudi. Mwezi wa kumi na moja wanajeshi walishuka kutoka angani, risasi zikahamia kwa wenyewe wapya, na mji ukabaki ukihesabu nani yupo na nani hayupo. Huko mtoni hesabu hiyo ilichukua muda mrefu zaidi.

Mwezi wa tatu wa 1965, Mama Viviane, muuza samaki wa Isangi, aliingia kwa Papa Waziri akinuka moshi, akatoa kitu kilichofungwa kwa majani mapana ya makongo.

«Kadidja, ona. Ni kitu yenu ile.»

Kadidja aliifungua. Jalada lilikuwa limeumuka kwa maji, lakini ni yenyewe. Akaenda mwisho. Ukurasa wa Émilie ulikuwepo, wa mwezi wa saba mwaka uliopita, mbuzi akihutubia wazazi. Chini yake hapakuwa na kumi. Na ukurasa uliofuata, wa Zacharie, ulikuwa mweupe.

«Mama Viviane, na mwenyewe?»

«Nyumba iko ya kufunga. Kaye ilibakia kwa jirani, ndani ya mutungi. Bamoja banasema alikimbia mu pori. Bengine…» Mama Viviane alinyanyua mabega akayaacha yaanguke. «Mi sijue, mwanangu. Batu banasema mingi. Lakini ule mutoto wa Opala, Émilie, kila pirogi yenye kushuka Lomami anaiuliza. Kila moja! Bapagaji, bale ba kupiga kasia, bameanza kumwogopa. Sasa nitamwambia nini, mie?»

Alipoondoka, Kadidja alibaki na ukurasa ule mweupe juu ya meza ya kukatia nguo. Aliutazama asubuhi yote. Kama angeupeleka mweupe vile Opala, ungesema neno ambalo hakuna mtu aliyelijua kwa hakika. Saa sita mchana akaenda kwenye kopo la chumvi.

Kwanza alitumia wino wa buluu. Aliandika ule mwandiko mrefu wa kulalia mbele, herufi za Zacharie zikiinama kama zinatembea kwenye upepo. Mbuzi alipata barua ya kuhamishwa, akagoma, akajifungia ofisini. Mwishoni, bila shaka, mvua ilinyesha. Ilikuwa mvua kamili kabisa. Zacharie mwenyewe angedhani ameiandika akiwa na usingizi. Kisha akamwekea Émilie kumi yake chini ya ukurasa wa wazazi.

Papa Waziri alikuwa akisukuma cherehani kwa mguu. Hakugeuka.

«Unaandika kwa mukono wa nani, Kadidja?»

«Wangu, papa.»

«Hm. Mukono wako haulalaka hivyo.»

Ilibaki kazi moja: ukurasa wa Zacharie ulipaswa kuwa na alama ya Kadidja. Akachukua kalamu nyekundu, akaitikisa chumvi, akainama kuandika nne. Mkono ulikataa. Alimwona Zacharie na yale magoti yake. Alimwona mahali fulani chini ya miti, labda yuko hai, labda hayuko, na yeye huku, ameshiba, amekaa kivulini, anampa nne. Nani anampa nne mtu wa namna hiyo? Akaandika tisa. Akaongeza na neno moja, «Safi.» Akafuta machozi kwa pembe ya kitambaa cha mteja, akaandika ukurasa wake mwenyewe juu ya mbuzi, akapeleka kaye bandarini.

Wiki saba zikapita. Siku moja ya soko, Kadidja akitwanga pondu, majani ya muhogo, nje, mwanamke mwembamba alisimama mlangoni. Amenyoa kichwa. Amevaa nyeusi toka shingoni mpaka vifundoni, na chini ya kwapa amebana kaye. Kadidja alimtambua kwa macho tu, maana mengine yote yalikuwa yamepungua.

«Émilie! Karibu, dada… Nani amekufa?»

«Wewe utaniambia.»

Ile sauti ndogo haikuwepo tena. Émilie aliingia, akaifungua kaye juu ya meza ya Papa Waziri, katikati ya mikasi na vipande vya khaki, akaweka kidole.

«Tisa.»

Kadidja alifuta pondu mikononi.

«Kaye ilifika, nikaona mukono wake. Nikacheka mpaka mama akakimbia kutoka jikoni. Nikasoma mbuzi, nikasoma mvua, nikasema, bon, iko hai, iko anasumbua batu na mvua yake. Alors nikaangalia chini.» Kidole hakikutoka pale. «Kadidja, weye ulimupa tatu na nusu siku alipokuwa na malaria! Tisa inatoka wapi? Mutu anapewa tisa na Kadidja siku gani?»

«Émilie, dada yangu…»

«Siku ya kuzikwa! Njo maana nikanyoa nywele. Njiani nilisimama Isangi, Mama Viviane akaniambia ukurasa ulitoka kule mweupe. Sikushangaa hata. Nilikuwa nimeshajua toka kule Opala. Sasa sema. Nani alikuambia amekufa? Alikufia wapi? Nataka kujua pahali, ni hiyo tu.»

«Hakuna aliyeniambia. Naapa. Hakuna mutu anajua kitu.»

«Basi kwa nini tisa?»

Papa Waziri alitoa mguu kwenye cherehani.

«Sikuweza kumupa nne,» alisema Kadidja. «Niliogopa.»

«Uliogopa.» Émilie alifunga kaye taratibu. «Mimi nilikuwa nangoja. Kungoja ni kazi, lakini nilikuwa naiweza. Weye umenitoa ku kungoja, umenitia ku kilio, na sasa unasema hujui kitu, nirudi tena kungoja. Na kichwa hiki?» Akajipapasa upara. «Usinitumie tena ukurasa, Kadidja. Wa mutu yeyote. Sitauamini.»

Wakati wa kugeuka aliliona gauni jeupe kwenye msumari, limefunikwa na shuka. Hakuuliza ni la nani. Alilala usiku ule kwa shangazi yake Lubunga, ng'ambo ya mto, na asubuhi akashika pirogi ya kurudi. Nyeusi hakuivua, wala hakuongeza kilio. Watu wa Opala walisema alikuwa anatembea nayo hivyo hivyo, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima na mwenyewe hajaja kuichukua.

Kadidja alibaki na kaye. Siku mbili hakuigusa. Ya tatu akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile tisa, akaandika juu kwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa mviringo ambao haukuwahi kumdanganya mtu, «Ukurasa huu ni wa Kadidja. Zacharie hana makosa hapa.» Akafungua ukurasa mpya, juu yake akaandika ZACHARIE, chini akaacha peupe. Akampelekea Mama Viviane.

«Ikae kwako Isangi. Hakuna mwingine ataandika mpaka yeye aandike.»

«Na kama…»

«Ikae tu, mama.»

Ikakaa, katikati ya vikapu vya samaki. Sébastien alituma neno kutoka Yanonge kwamba mbuzi amelala muda mrefu na yeye anamwonea wivu. Mteja mmoja tajiri alitaka kile kitambaa cheupe akishone shati. Papa Waziri alimwambia kimeliwa na panya, huku kikining'inia nyuma ya kichwa chake. Shule zikafunguliwa moja moja. Kadidja alirudi darasani, na watoto wakasema mwalimu amekuwa mkarimu wa alama. Hawakujua ni mkono uliokuwa unaogopa.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja Mama Viviane alipoingia tena. Aliweka kaye mezani akakaa kwenye kiti cha wateja, akakunja mikono, amebana midomo kama mtoto aliyekatazwa kucheka kanisani.

Kadidja alifungua. Kwenye ukurasa ule wa uongo, chini ya tisa iliyokatwa, palikuwa na alama mpya, nyekundu, ya herufi zilizoinama kwenye upepo.

«2/10. Mvua ya kuazima. Mimi nanyesha vizuri zaidi.»

«Mama Viviane!»

«Eee!» Mama Viviane alilipuka. «Amekuja! Mwezi umepita! Amekonda kama fito ya kuvulia, na muguu mumoja unamusumbua, lakini ni yeye. Kitu ya kwanza ameuliza ni Émilie. Ya pili ni kaye. Chakula ilikuja ya tatu!»

Ukurasa wenye jina lake ulikuwa umejaa. Mbuzi, Zacharie aliandika, alisikia kwamba wakurugenzi wanatafutwa. Basi akala diploma yake mwenyewe, na haikuwa tamu, maana wino wa serikali ni mchungu. Akavuka mto. Miezi kumi na minne aliishi porini na mbuzi wa kawaida, akajifunza kulia kama wao, akawa mwangalifu asiseme neno lolote la darasani. Lakini watoto wa mbuzi walikuwa wengi kule, hawana la kufanya, na siku moja alijikuta anawaandikia alifabeti kwa makaa juu ya gome. Akafuta. Kesho yake akaandika tena. Walipofika herufi ya mwisho, mbuzi alitaka kuwaambia jambo kubwa. Mvua ikanyesha.

Kadidja alisoma mara mbili. Kati ya kurasa kulikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa.

«Kadidja. Nimetuma neno Opala mara mbili kwa mdomo, mara moja kwa barua. Jibu linarudi lile lile: wamwambie huyo anayeandika asinichezee. Mguu haujanipa ruhusa ya kupanda Lomami. Mama Viviane amenieleza yote. Wewe ndiye uliyevunja, wewe utengeneze. Ndugu yako, Z.»

Jioni ile na kesho yake Kadidja alizunguka ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Atamwandikia nini Émilie? Aape? Alikuwa ameshaapa, mbele ya meza ile ile. Ampeleke Mama Viviane akashuhudie? Émilie atasema wamepanga. Aende mwenyewe? Yeye ndiye wa mwisho ambaye Émilie angemsikiliza. Kila neno zuri alilolitengeneza lilinuka ile «Safi.»

Papa Waziri alimwangalia akipita mara ya kumi.

«Binti, umesahihisha?»

«Nini, papa?»

«Huo ukurasa. Hata mimi mwenye kusoma kwa kidole naona hauna alama.»

Kadidja alisimama. Akaenda kwenye kopo la chumvi.

Sasa, tusifichane: ukurasa ule ulistahili nane. Ulikuwa ukurasa bora kuliko zote walizowahi kuandika, hata zake mwenyewe, na alijua. Ule mstari wa gome na makaa alikuwa ameshaukariri. Alikaa, akanyoosha karatasi, akashika kalamu kama zamani, kwa nguvu, na safari hii mkono haukukataa.

«4/10,» aliandika. Akapiga mistari miwili chini yake. Pembeni ya mstari wa mwisho akaongeza, «Mvua tena! Miezi kumi na minne porini na hujajifunza kitu?»

Akaipeleka kaye Yanonge siku ile ile. Hakuambatanisha barua. Sébastien, baada ya kulia na kula, aliisukuma mbele Opala kwa mpagaji mwenye kasi kuliko wote.

Jibu lilifika kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, mikononi mwa Mama Viviane. Kadidja alikifungua mbele ya baba yake. Mwandiko mdogo, mistari miwili.

«Nimeona nne. Nashuka Isangi.»

Alikisoma kwa sauti. Papa Waziri alisukuma kiti nyuma. Alinyanyuka, akaondoa shuka kwenye msumari, akalishusha gauni, akalipiga vumbi, akalitandaza juu ya meza na kuanza kuchambua nyuzi ndefu alizozishikiza mwaka mmoja na zaidi uliopita.

«Émilie siku ile,» aliuliza, uzi mdomoni, «mimi niliona kichwa tu. Alikuwa amekonda sana?»

«Sana, papa.»

«Hapa kiunoni?»

«Kila mahali.»

«Bon.» Papa Waziri alivaa miwani. «Nitapunguza kiunoni. Lakini nitaacha kitambaa ndani, maana atanenepa.»